Vazi la Babu Lilivyofika Neutigol

Jumatatu, 13 Oktoba

Jambo hili sijamwambia mtu. Si mama, si rafiki, hata mto wangu haujui. Ninacho kifutio cha Tak Sebin. Aliniazima siku ya mtihani wa hesabu, masika yaliyopita, na mpaka leo sijakirudisha. Si kwamba mimi mwizi! Kila nikimsogelea kumpa, ulimi unanata kama umepakwa gundi. Nimesoma kwa lugha mbili, mimi. Utotoni Kiingereza huko Kanada, halafu Kikorea hapa Jeonju. Sebin akinitazama, lugha zote mbili zinafunga virago. Nabaki na "mm".

Leo bahati imepiga hodi. Mwalimu Ok katangaza kwamba Ijumaa darasa zima tunakwenda kijiji cha Neutigol, kutwa. Tutavaa hanbok, lile vazi la jadi la Kikorea, tutapika na wazee, tutatwanga wali wa kunata, jioni tutarudi. Darasa zima likaguna. Mimi sikuguna. Neutigol ndiko kwa bibi yake Sebin!

Na bado. Mchana nilikuwa nimejibanza nyuma ya kabati la mifagio (kwa sababu zangu), nikamsikia Sebin akiwaambia wenzake kwamba bibi yake ana jicho. Bibi akimkubali mtu, basi huyo ni mtu. Bibi akimkataa, hata awe na sura ya kwenye runinga, ni ganda tupu.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Sina haja ya kuzungumza na Sebin. Nina haja ya kupendwa na bibi kizee mmoja. Na wazee hunipenda! Nakaa kimya na namaliza chakula.

Tatizo ni Bong Gyumin. Mrefu. Ana kishimo shavuni. Kasema atakodi hanbok ya hariri yenye dragoni wa dhahabu, halafu akanigeukia: "Na wewe, Kanada, utavaa nini? Jezi ya mpira wa barafu?" Darasa likaangua kicheko. Sebin naye alicheka, lakini kidogo. Nilikuwa namwangalia. Kidogo kabisa.

Mwalimu amesema kijiji kina nguo za kuazima, za nailoni, rangi za peremende. Mwenye yake nyumbani ailete.

Nitaileta. Sijui nitaitoa wapi, lakini nitaileta.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeipata!

Kila alasiri babu yuko kwenye ukumbi wa wazee, anacheza ule mchezo wa mawe meusi na meupe na kugombana na mtu yuleyule. Nikaingia chumbani kwake. (Kuingia chumbani kwa babu bila ruhusa si adabu. Naandika ili nisisahau kujuta baadaye.) Juu ya kabati pana boksi limefungwa kwa kitambaa, fundo limekazwa vizuri. Masika halikuwapo. Lazima lilikuja wakati wa likizo ya joto, nilipokuwa kambini nikifundishwa Kiingereza ninachokijua.

Nikafungua. Ewe moyo wangu!

Katani tupu, rangi ya mabua ya mpunga baada ya mavuno. Koti fupi, suruali pana, na joho refu linalofika vifundoni, mikono yake mirefu kupita vidole vyangu. Hakuna dhahabu. Hakuna dragoni. Ni heshima tu. Gyumin akisimama karibu nami atafanana na karatasi ya chokoleti.

Ajabu kidogo: halina mfuko hata mmoja. Lakini fundi ana akili, kaweka pembeni vifuko vitano vidogo vya kitambaa hichohicho. Vya peremende, nadhani. Kuna na glavu zisizo na vidole. Kuna viatu laini. Kuna na kitambaa cha mraba chenye kamba kwenye pembe zote, bila shaka cha kujifunga kifuani wakati wa kupika. Yaani seti kamili, mpaka ya jikoni!

Babu ana kazi gani na nguo kama hii? Nikatumia akili. Mwakani anatimiza miaka themanini. Ni ya sherehe yake. Mimi nikiivaa siku moja na kuirudisha, ni kama nimemjaribishia.

Ningeweza kumuuliza mama. Lakini mama angeniuliza ya nini, nami ningesema ya safari, naye angeuliza mbona masikio yamekuwa mekundu, na kabla wali haujaiva angekuwa amejua jina la Sebin, mtaa wake na kazi ya baba yake. Hapana. Akili yangu inanitosha.

Ndani ya boksi nimeweka nguo zangu za michezo za shule ili uzito usipungue. Fundo nimelifunga kama lilivyokuwa. Wezi wakubwa walianza hivihivi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mazoezi ya kuinama. Nimetazama mafunzo kwenye simu, kisha nikainama mbele ya jokofu: magoti chini, mikono chini, paji la uso juu ya mikono. Mara ya kwanza niligonga jokofu. Mara ya pili jokofu lilijifungua lenyewe.

Nilipoinua kichwa, babu kasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nikangoja mvua ya matusi. Badala yake akasema, "Mkono wa kushoto ndio unakaa juu, we mtoto. Mwanamume, kushoto juu. Na usianguke kama gunia. Shuka kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa."

Akanifundisha mpaka mama akaita chakula. Alishuka mwenyewe kunionyesha, magoti yake yakilia kama mlango wa ghala, akakataa kushikwa mkono. Mwishoni akaniangalia nikishuka na kusema, "Haya. Sasa umerudi kutoka Kanada." Akanimenyea tunda la persimoni kwa mkono wake. Akanipa kipande kikubwa.

Nilitaka kumwambia habari ya boksi palepale. Mdomo ulikuwa umejaa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Gyumin kaleta picha ya hanbok yake. Dragoni ana macho ya vioo. Nimecheka moyoni siku nzima.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nikifa leo, nguo ninayo. Hapana, hata hiyo sinayo tena. Nieleze kwa utaratibu.

Tulifika Neutigol asubuhi. Ghala la mpunga ndilo lilikuwa chumba cha kubadilishia. Nikawaacha wote watangulie, halafu nikavaa kila kitu: koti, suruali, joho, viatu, glavu. Vifuko nikavijaza peremende, nikavining'iniza kiunoni. Kitambaa cha kamba nikajifunga kifuani. Nikatoka polepole, kama mwana wa mfalme.

Wenzangu wakageuka. Mwalimu Ok, mtoto wa Seoul aliyezaliwa ghorofani, akasema hii ndiyo inaitwa utamaduni halisi, wengine waige. Gyumin akawa anasugua dragoni wake kwa kidole. Na Sebin, Sebin mwenyewe, akanijia na kusema, "Kanada! Hii ya kweli kabisa. Umeitoa wapi?"

Nikajibu, "Mm."

Ushindi wangu ulidumu upana wa ua. Upande wa pili wazee walikuwa wamekaa barazani wanamenya vitunguu saumu. Waliponiona, visu vikasimama. Mzee mmoja akavua kofia na kuiweka kifuani. Mama aliyekuwa akikoroga chungu akaachia upawa, ukazama. Mwingine akaingia jikoni mbio, akatoka na chumvi kiganjani na kunitupia usoni.

Nikajua ni makaribisho ya kijiji. Nikamshukuru. Akanitupia nyingine.

Nikaanza kugawa peremende kutoka kwenye vile vifuko. Hakuna aliyechukua. Mzee mmoja akatazama kifuko, akatazama kucha zangu, akajisogeza kando kwa makalio mpaka mwisho wa baraza. Nikasema moyoni, hawa wa shamba wana haya kama mimi.

Bibi Malsun, bibi yake Sebin, alikuwa amekaa peke yake nyuma ya mitungi. Mdogo, kapinda kama tangawizi. Mbele yake beseni kubwa la gochujang, ile rojo nyekundu ya pilipili, naye anaikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Huyu ndiye! Nikashuka kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa. Kushoto juu. Paji juu ya mikono. Babu angelia kwa fahari.

Nilipoinua kichwa, shingo zote zimetugeukia. Bibi ananitazama. Akauliza, "Umekuja kunichukua?"

Mwalimu alikuwa ametuambia tuwasindikize wazee mezani. Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

"Basi ngoja kwanza," akasema. "Nikiiacha hii itashika chini. Umemwona mume wangu huko? Mwambie lile paa alilosema atalitengeneza kesho, linavuja mpaka leo."

Baraza likapasuka. Wazee wakapigana mapaja, wakakohoa, mmoja akaanguka kwenye vitunguu. Sisi wanafunzi tukatazamana kama kuku. Bibi akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akasema kwa sauti iliyofika mlimani:

"Mjukuu wangu, hiyo uliyovaa ni sanda."

Sanda!

Akanionyesha kipande kwa kipande, na kila kipande kilinivua ngozi. Glavu ni za kufunika mikono ya maiti. Vifuko vitano: viwili vya kucha za mikono, viwili vya kucha za miguu, kimoja cha nywele zilizotoka kwenye kitana. Na ile chumvi ilikuwa ya kufukuza pepo. Na aproni yangu ya jikoni ni ya kufunika uso wa marehemu. Nilikuwa nimeifutia jasho ndani ya basi. Nilikuwa nimeifutia mdomo!

Nikaomba radhi. Kwa Kikorea, kwa Kiingereza, na kwa kuinama. Hapo pa kuinama ndipo nilipokosea, kwa sababu beseni lilikuwa kati yetu. Mikono ya joho, ile mirefu kupita vidole, ikazama yote miwili kwenye gochujang. Nikashtuka, nikasimama ghafla, mikono ikaruka juu na kurudi kifuani. Pa!

Gyumin alikuwa amekwisha toa simu anapiga picha. Bibi hakumgeukia hata kumgeukia. "Na wewe dragoni, weka hicho kidude, njoo ushike mwiko." Akashika mwiko mpaka mchana. Hilo ndilo zuri pekee la siku.

Halafu Bibi akashika pindo la joho, akalisoma kwa vidole. Akasema ni kazi ya mtu anayejua, tena imeshonwa katika mwezi wa ziada wa kalenda ya kale mwaka huu, ule usio na mwenyewe, ambao hata pepo wabaya hawauangalii. Mzee akishonewa sanda mwezi huo huongezewa umri. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya babu.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua umeichukua?"

"Hajui."

"Basi tuseme yu hai kwa leo."

Akanivua yeye mwenyewe, nyuma ya mitungi, kama anamenya kitunguu. Nguo za nailoni zilikuwa zimekwisha. Akanipa suruali yake ya shambani, ile pana yenye maua, wanayovaa mabibi wote wa nchi hii. Maua ya zambarau. Nimeshinda nayo kutwa, nimekula nayo wali mpya na mboga za mlimani na supu ya soya, na naapa sijawahi kula chakula kitamu vile huku nikitamani ardhi inimeze.

Mchana nikapewa nyundo ya mti ya kutwanga wali. Anayegeuza donge kwa mkono kati ya pigo na pigo alikuwa Sebin. Akaingiza mkono chini ya nyundo yangu bila kupepesa, akasema, "Usinivunje vidole, Marehemu."

Sasa naitwa Marehemu. Nadhani nimepanda cheo.

Lakini sanda imebaki Neutigol. Bibi kailoweka kwenye maji ya majivu. Kasema niifuate Jumapili, na kabla ya hapo nimwambie babu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu mtu ana haki ya kujua sanda yake iko wapi. Nikasema nitamwambia leo.

Nimerudi. Babu kaniuliza niliinamaje. Nimesema vizuri. Nimekuja chumbani kuandika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeamka na ujasiri. Ukaisha wakati wa kupiga mswaki.

Anga jeupe, jua kavu la kuanikia pilipili. Babu akatazama nje, akasema leo ni siku nzuri ya kupunga hewa nguo zilizofungiwa. Nikasema mvua inakuja. Akatazama anga. Akanitazama mimi. Nikasema simu ndiyo imesema. Akasema simu haina magoti, na magoti yake yamesema jua. Akapanda kiti, akashusha boksi.

Hapo ndipo ungekuwa wakati wa kusema. Nikaenda kunywa maji.

Niliporudi fundo limefunguliwa. Babu kakaa sakafuni, mapajani kashika suruali yangu ya michezo ya buluu yenye mistari meupe pembeni na jina la shule makalioni. Anaitazama mbele na nyuma. Muda mrefu. Halafu akasema:

"Kwa hiyo huko naenda kukimbia mbio?"

Nikapiga magoti. Nikamwaga yote: Sebin, kifutio, Gyumin, chumvi, peremende, beseni. Nilizungumza mfululizo kuliko nilivyozungumza mwaka mzima, na mwishoni nikagundua nusu nimeisema kwa Kiingereza. Babu hakuelewa hiyo nusu. Ile aliyoielewa ilitosha.

Hakunipiga. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akatoka barazani kumwagilia vyungu vyake vya pilipili, akanipa mgongo. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba bibi yangu alizikwa na sanda ya haraka, ya nailoni, aliyochaguliwa na mtu wa mapokezi hospitalini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejiandaa. Usiku kucha ilikuwa ikitoa sauti kama mfuko wa dukani, kila walipomgusa. Akasema alijiapia kwamba siku yake ikifika, mama yangu asipate kazi hiyo ya kuchagua. Kitambaa amekigusa mwenyewe. Fundi amemtafuta mwenyewe.

Nikalia. Babu akaendelea kumwagilia chungu kilekile mpaka maji yakafurika sakafuni.

Halafu akauliza, "Mabega yalikukaaje?"

Nikasema yalikuwa mapana.

"Vizuri," akasema. "Sitaki ije kunibana."

Kesho tunakwenda wote wawili. Sijui atafanya nini akiiona. Mama kauliza mbona sote tumekaa kimya. Babu kasema tunafikiria michezo.

Jumapili, 19 Oktoba

Babu kavaa tai. Kwenda kuchukua sanda, kavaa tai! Ndani ya basi alinyoosha ile tai kila kituo.

Bibi Malsun alikuwa amemaliza kazi. Alikuwa ameifua, ameianika kwenye majani, ameipigapiga kwa magongo mawili juu ya jiwe mpaka katani ikalainika kama karatasi inayowambwa madirishani. Kaikunja kwenye sinia. Nikaona mikono ya joho: safi. Nikaona kitambaa cha uso: safi. Halafu Bibi akafungua kifua cha joho, kwa sababu hakutaka kumficha mtu kitu chake. Doa limebaki. Si jekundu tena, ni rangi ya shavu la mtu aliyetoka baridini, pana kama jani la persimoni. Akasema limekataa, na yeye hajawahi kukataliwa na doa.

Nikashuka magotini bila kuambiwa. Sebin alikuwa mlangoni. Sikujali. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali pamoja na Sebin nikamwogopa mtu mwingine.

Babu akaweka kiganja juu ya doa. Akauliza kama hiyo ni gochujang ya mwaka huu. Akaomba aionje. Akachovya kidole, akalamba, akafikiri, akasema, "Chumvi imezidi."

"Mzee mzima!" Bibi akamaka. "Umekuja kuchukua sanda au kukosoa mboga?"

"Vyote viwili vina chumvi sasa, naweza kusema."

"Mjukuu wako ndiye aliyetia mikono humo. Kabla yake ilikuwa sawa."

Wakagombana hivyo mpaka meza ikaandaliwa. Babu akagombana huku anakula. Bakuli la pili aliliomba mwenyewe. Wakanywa pombe ya mchele kwenye vibakuli, Bibi akamweleza habari ya lile paa, babu akatoka kulitazama na kusema aliyelijenga alikuwa mvivu, Bibi akasema ndiyo, alikuwa mvivu, lakini aliimba vizuri.

Bibi akasema anaweza kukata kile kipande na kutia kingine, fundi hatajua. Babu akatikisa kichwa. Akaikunja sanda taratibu, doa likiwa juu.

"Liache," akasema. "Mke wangu miaka yote alikuwa akinisema kwa kujimwagia chakula kifuani. Nikija na nguo safi hatanijua."

Bibi akamjazia kibakuli. Mimi nikatazama kuku.

Wakati wa kuaga Bibi akanishika sikio, si kwa nguvu, akatoa hukumu mbele ya Sebin: "Huyu kijana ni mjinga. Lakini anainama vizuri. Nani alimfundisha?" Babu akanyoosha tai.

Anainama vizuri! Kwa Bibi mwenye jicho!

Sebin akatusindikiza kituoni. Babu akatangulia mbele sana, kwa makusudi nadhani. Sebin akasema mwezi ujao wanatengeneza kimchi, ile achari ya kabichi ya majira ya baridi, ua unajaa makabichi kama mlima, na kazi ngumu ni kuyatia chumvi: ikipungua yanaoza, ikizidi yanakufa. Akauliza kama nimewahi.

Nikasikia mdomo ukifunguka. Wangu! Sentensi nzima ikatoka, yenye mwanzo na mwisho, ya kwanza katika maisha yangu mbele ya Tak Sebin:

"Kwetu kila mwaka mimi ndiye ninayetia chumvi."

Sebin akasema kumbe, basi Bibi atafurahi, mwaka huu nitawaongoza mimi.

Sijawahi kugusa kabichi bichi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wiki hii imenipa fundisho kubwa. Mtu asijifanye anajua asichokijua. Aulize wakubwa. Kuuliza si aibu. Nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza yangu.

Halafu nikaanza mazoezi ya kabichi.

Kwa siri, bila shaka. Mama yuko kazini, babu ukumbini. Shangazi alileta makabichi juzi, yamejaa barazani. Mabeseni hayatoshi, nikakumbuka kwamba watu wa ghorofani hutumia hodhi la kuogea. Nikayapasua yote, nikayapanga hodhini, nikafungulia maji. Chumvi kiasi gani? Ningeweza kumpigia mama. Lakini mama angeuliza ya nini. Chini ya sinki kuna gunia la chumvi ya bahari, lile ambalo mama huliacha juu ya matofali mwaka hadi mwaka ili uchungu uchuruzike. Sasa hivi umekwisha churuzika, nikasema, ni wakati wake. Nikamimina. Ikaonekana kidogo. Nikamimina yote. Nikafunika kwa kile kifuniko cha kukunja, ili joto lisitoke, au lisiingie, sikumbuki ni lipi.

Kabichi likilala vizuri mpaka jioni, nitaonja, nitajua siri yote, na Neutigol nitaingia kama mfalme. Gyumin naye kaomba kuja. Aje tu! Nahitaji aproni, lakini safari hii nitaitazama kwanza.

Babu karudi mapema. Namsikia. Tangu jana anaimba. Kamwambia mama kwa simu kwamba keshokutwa anakwenda kutengeneza paa la watu. Sasa anatafuta taulo.

Mlango wa bafu umefunguka.

Anaimba bado. Labda hakuwasha taa. Huwa hawashi taa, anasema umeme si mchezo.

Kuimba kumekoma.

Nifikiri. Nitasema ni dawa. Ndiyo! Nitasema Kanada wazee wote huoga na kabichi, kwa ajili ya magoti, madaktari wameandika. Hawezi kujua. Mama naye nitamwambia gunia lilivuja.

Anaita jina langu, lote, pamoja na la ukoo.

Hatua zinakuja. Zinadondosha maji. Ziko kwenye korido, ziko mlangoni, naficha daftari chini ya